Ngiri si aibu: tusiifiche hadi ikatukaba



Wiki hii tumeazimia kuyazungumza maradhi ambayo ni nadra kukosekana katika ukoo, lakini ni nadra zaidi kutajwa kwa jina lake mbele za watu. Nayo ni ngiri. Wazee wetu wengi huiita mshipa, na madaktari huiita henia.

Kilichotusukuma kuandika ni kisa cha mama mmoja mtu mzima, mwenye wajukuu, ambaye tunamsitiri jina lake. Mama huyu alikuwa na kivimbe kinenani upande wa kulia, ukubwa wa kungumanga. Akisimama jikoni kwa muda mrefu kilitokeza. Akilala kilirudi ndani. Kwa miaka mitatu alikiita mtoki. Alikikanda kwa maji ya moto, akakipaka mafuta ya habasoda, akajifunga leso kwa nguvu juu yake. Binti zake walioishi naye nyumba moja hawakujua lolote, kwa kuwa aliona haya kutaja mahali penyewe.

Usiku mmoja kivimbe kilikataa kurudi. Kikawa kigumu na chenye maumivu makali. Akaanza kutapika, tumbo likamjaa, naye akaendelea kunyamaza hadi alfajiri. Alipofikishwa hospitali, utumbo ulikuwa umenaswa na kukosa damu kwa saa nyingi, na madaktari wakalazimika kukata kipande kilichokwisha kufa. Alhamdulillahi, yu hai na anaendelea vyema. Tulipokwenda kumzuru alitwambia, "Waandikieni wenzangu. Mimi sikuwa na mtoki, nilikuwa na ngiri, na laiti ningejua ningekwenda mapema."

Hawakukosea wahenga waliosema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Basi leo tunataka jambo moja liwakae moyoni: upasuaji wa ngiri unaofanywa kwa wakati wake ni mdogo na salama kwa watu walio wengi, ule unaofanywa usiku wa dharura ndio wa kuogopwa. Na kwa kuwa hofu nyingi huzaliwa na kutojua, tutaeleza namna upasuaji huo unavyofanywa, na madhara yanayoweza kuufuata, bila ya kuyaficha wala kuyakuza.

NGIRI NI NINI?

Tumbo la mwanadamu limezungukwa na ukuta wa misuli na utando mgumu, nao ndio unaoyashikilia matumbo yasitoke mahali pake. Tuufananishe na gunia la mchele. Uzi wa gunia ukilegea mahali pamoja, mchele husukumana hapo na kutokeza. Vivyo hivyo, ukuta wa tumbo ukiwa na tundu au mahali dhaifu, mafuta ya tumboni au kipande cha utumbo husukumwa nje, na uvimbe ukaonekana chini ya ngozi.

Ngiri huitwa kwa jina la mahali ilipotokea. Ya kinena ndiyo iliyo nyingi kuliko zote, na kwa mwanamume inaweza kushuka hadi kwenye mfuko wa korodani. Ya paja hutokea chini kidogo ya mkunjo wa kinena, na huwapata zaidi wanawake, hasa walio na umri mkubwa. Ya kitovu huwapata watoto wachanga, na pia kina mama waliozaa mara nyingi. Ya kovu hutokea penye mshono wa upasuaji wa zamani, kama vile wa kujifungua.

Wanaume ndio waathiriwa wakubwa. Hesabu zilizofanywa Uingereza zilikadiria kwamba wanaume 27 katika kila 100 hufanyiwa upasuaji wa ngiri ya kinena katika maisha yao, na wanawake 3 katika kila 100. Uchache huu wa wanawake ndio unaowaponza, kwa kuwa mama akiona uvimbe hapo hafikirii ngiri. Hufikiri mtoki, au jipu, na wakati mwingine hata mhudumu wa zahanati hufikiri hivyo hivyo.

Tusichanganye pia ngiri na busha. Busha ni maji yaliyojaa katika mfuko wa korodani, na huku kwetu pwani mara nyingi huletwa na vimelea vya matende vinavyoenezwa na mbu. Uvimbe wa busha haurudi tumboni mtu akilala, na matibabu yake ni mengine. Daktari ndiye wa kupambanua.

Sababu za ngiri ni udhaifu wa kuzaliwa nao, au mkazo wa mara kwa mara tumboni: kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu, kubeba mizigo mizito, uzito wa mwili, mimba nyingi, na kwa wazee kujikamua wakati wa kukojoa kwa sababu ya tezi dume. Hailetwi na baridi wala na kuoga maji ya usiku. Wala isichukuliwe kuwa kila ngurumo ya tumbo na kila upungufu wa nguvu za kiume ni ngiri, kama zinavyodai karatasi za matangazo zinazobandikwa kwenye nguzo za stima mitaani mwetu.

JE, IKO DAWA YA KUNYWA?

Tuseme wazi: tundu la ukutani halizibwi kwa kinywaji. Hakuna kidonge, mizizi wala mafuta yanayoweza kuushona ukuta wa tumbo uliofunguka. Mkanda wa ngiri unaofungwa kiunoni huzuia uvimbe kwa muda, lakini hauponyi. Anayewauzia dawa ya kunywa kwa ahadi ya kuifunga ngiri anawauzia muda, na muda huo ndio alioupoteza yule mama wa kisa chetu.

Iko ngiri moja tu ambayo kwa kawaida hujifunga yenyewe, nayo ni ya kitovu cha mtoto mchanga. Nyingi zao hufunga kabla ya mtoto kufika miaka 4 au 5. Kumfunga mtoto sarafu juu ya kitovu, kama walivyozoea baadhi ya bibi zetu, hakuharakishi kitu, na wakati mwingine huchubua ngozi na kuleta usaha. Mwacheni akue, na muonyesheni kwa daktari ikiwa tundu ni kubwa au limepita umri huo.

Lakini ngiri ya kinena ya mtoto mchanga ni mbali kabisa na hiyo. Haijifungi, na kwa wachanga hunasa kwa urahisi, hasa kwa waliozaliwa kabla ya siku zao. Mama anayemwogesha mwanawe akaona uvimbe kinenani au kwenye mfuko wa korodani wakati wa kilio, asingoje arubaini iishe. Na ajue kwamba mtoto wa kike naye anaweza kuipata.

KUNGOJA NI KWA NANI?

Pengine msomaji atauliza, "Je, kila mwenye ngiri ni lazima apasuliwe leo?" Jibu ni la haki kulitoa lilivyo. Mwaka 2006 madaktari wa Amerika Kaskazini walichapisha utafiti wa wanaume 720 waliokuwa na ngiri ya kinena isiyowasumbua sana. Wengine walipasuliwa, wengine wakaachwa wangaliwe tu. Katika hao waliongoja, walionaswa na ngiri kwa dharura walikuwa chini ya 2 katika kila 1,000 kwa mwaka. Hata hivyo, karibu robo yao waliomba wenyewe kupasuliwa ndani ya miaka miwili, kwa sababu ya maumivu. Na waliofuatiliwa hadi miaka 10, zaidi ya theluthi mbili walikuwa wamekwisha kupasuliwa.

Kwa hiyo mwanamume ambaye ngiri yake ni ndogo na haimuumi anaweza kungoja kwa ushauri wa daktari, huku akijua kwamba huenda siku ya upasuaji itafika. Lakini tulizingatie hili, enyi kina mama: utafiti huo ulikuwa wa wanaume pekee. Ngiri ya paja, ambayo ni ya wanawake zaidi, ina mlango mwembamba na mgumu, na utumbo ukiingia hapo hunyongwa kwa urahisi. Ndiyo maana mwongozo wa kimataifa wa madaktari wa ngiri uliotolewa mwaka 2018 unashauri mwanamke mwenye ngiri ya kinena au ya paja afanyiwe upasuaji bila ya kukawia. Kungoja si kwake.

DALILI ZA HATARI

Bandikeni maneno haya ukutani jikoni. Uvimbe uliokuwa ukirudi ndani sasa haurudi, umekuwa mgumu na unauma ukiguswa, ngozi yake imebadilika rangi, mgonjwa anatapika, tumbo limejaa, hapati choo wala upepo hautoki. Mwenye dalili hizi apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku wa manane. Asipewe chakula wala kinywaji, na wala mtu asijaribu kuukanda uvimbe huo kwa nguvu ili urudi. Utumbo uliokosa damu huanza kufa kwa muda wa saa chache, si siku.

NJIA ZA UPASUAJI

Kutibu ngiri ni elimu ya kale. Tabibu wa Kiislamu wa Andalusia, Abul Qasim al-Zahrawi, aliyeishi karibu na Kordoba zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, aliieleza katika kitabu chake kikubwa cha tiba, na wakati huo moto wa chuma ulikuwa miongoni mwa tiba zake. Leo, kwa rehema ya Mola, kuna njia zilizo nyepesi zaidi. Kila mwaka zaidi ya watu milioni 20 duniani hufanyiwa upasuaji wa ngiri za kinena na paja.

Njia ya kwanza ni ya kushona misuli kwa uzi. Katika miaka ya 1880, Edoardo Bassini wa mji wa Padua, Italia, alionyesha namna ya kurudisha ngiri ndani na kuushona upya ukuta wa kinena tabaka kwa tabaka. Baadaye Edward Earle Shouldice wa Toronto, Kanada, aliiboresha kwa kuyapandanisha matabaka, kama fundi wa nguo anayekunja pindo mara mbili ili lisifumuke. Uzuri wa njia hizi ni kwamba hakuna kitu kigeni kinachobaki mwilini ila uzi. Udhaifu wake ni kwamba misuli iliyovutwa ili ikutane hubaki na mkazo, na mshono ukilegea ngiri hurudi. Iko pia njia ya daktari Mohan Desarda wa India, ambaye hutumia kipande cha utando wa mgonjwa mwenyewe kuwa kiraka.

Njia ya pili ni ya wavu. Katika miaka ya 1980, Irving Lichtenstein na wenzake huko Los Angeles, Marekani, waliacha kuivuta misuli, badala yake wakaweka wavu mwembamba wa plastiki juu ya mahali dhaifu. Nyama ya mwili humea kupitia matundu ya wavu huo, na ukuta ukawa imara bila ya mkazo. Hii ndiyo njia iliyoenea zaidi kwa watu wazima. Inaweza kufanywa kwa ganzi ya mahali peke yake, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile. Tafiti nyingi zilipokusanywa na kulinganishwa, ilionekana kwamba katika kila upasuaji 46 wa wavu, mtu mmoja huepushwa na kurudiwa na ngiri, ambaye angerudiwa kama angeshonwa kwa uzi tu.

Njia ya tatu ni ya matundu madogo na kamera, iitwayo laparoskopi. Daktari hutoboa matundu matatu madogo tumboni, akaingiza kamera na vyombo vyembamba, na kuuweka wavu kwa upande wa ndani. Maumivu baadaye huwa machache na mtu hurejea kazini mapema. Inafaa hasa kwa mwenye ngiri pande zote mbili, na kwa wanawake, kwa kuwa daktari huiona pia ngiri ya paja iliyojificha. Lakini inataka nusukaputi, vyombo vya gharama, na daktari aliyeizoea kweli kweli. Daktari hodari wa njia ya wazi ni bora kuliko mwanagenzi wa kamera.

Ama mtoto mchanga, yeye hahitaji wavu wala kushonwa misuli. Daktari hufunga tu kile kifuko kilichobaki wazi tangu tumboni mwa mamake. Ni upasuaji mfupi, ingawa huhitaji mtaalamu wa nusukaputi anayewajua watoto.

Huenda wako watakaosema kwamba wavu ni wa matajiri. Hapa tuna habari njema kutoka kwa majirani zetu. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliofanywa mashariki ya Uganda, ambapo wanaume 302 wenye ngiri ya kinena waligawanywa: nusu wakawekewa wavu wa kununuliwa kwa bei kubwa, nusu wavu wa bei nafuu uliotengenezwa kwa kitambaa cha chandarua cha mbu na kutakaswa kwa njia za hospitali. Baada ya mwaka mmoja, aliyerudiwa na ngiri alikuwa mtu mmoja tu katika kundi la wavu wa bei nafuu, na hakuna katika lile jingine. Madhara madogo yalikuwa sawa sawa, kiasi cha watu 30 katika 100 kila upande. Funzo si kwamba tukate vyandarua vyetu, hasha; ni kwamba ubora wa upasuaji umo katika mikono na usafi, wala hauko katika bei ya wavu peke yake.

MADHARA YANAYOWEZA KUTOKEA

Daktari mwaminifu humweleza mgonjwa madhara kabla hajatia sahihi karatasi ya idhini. Tuyataje kwa mpango.

Ya siku za mwanzo ni maumivu, uvimbe, na weusi wa ngozi kwa sababu ya damu iliyovilia, ambao kwa mwanamume unaweza kushuka hadi korodani na kumtisha bure. Huisha wenyewe. Wakati mwingine maji hujikusanya palipokuwa na ngiri, mgonjwa akadhani imerudi. Mengi ya maji hayo hunyonywa na mwili kwa wiki kadhaa. Wako wanaoshindwa kukojoa usiku wa kwanza, hasa wazee waliochomwa sindano ya mgongo, na huwekewa mpira kwa muda mfupi. Sindano hiyo pia huweza kuleta maumivu ya kichwa.

Kidonda kinaweza kuingia vijidudu. Dalili zake ni homa, wekundu unaoenea, joto na usaha. Hapo mgonjwa arudi hospitali mara moja, asingoje siku ya miadi. Vijidudu vikiuingia wavu wenyewe, jambo ambalo ni la nadra, huenda ikabidi utolewe.

Madhara yanayostahili kuzungumzwa zaidi ni maumivu ya muda mrefu. Katika kinena hupita mishipa mitatu ya fahamu, nayo inaweza kukatwa, kubanwa na uzi, au kushikwa na kovu. Ganzi ndogo ya ngozi karibu na kovu ni jambo la kawaida. Lakini kiasi cha watu 10 hadi 12 katika kila 100 huendelea kuhisi maumivu ya wastani au zaidi baada ya miezi mitatu. Walio wengi katika hao hupata nafuu kadiri muda unavyopita, na wachache tu ndio wanaozuiwa na maumivu kufanya kazi zao. Mwenye hali hiyo asiambiwe kwamba anajidekeza. Arudi kwa daktari, kwani ziko dawa na sindano za kutuliza mishipa hiyo.

Kwa wanaume, mara chache damu ya korodani hupungua na korodani ikasinyaa, zaidi kwa mtu anayepasuliwa mara ya pili mahali pale pale. Kwa njia ya kamera, kuna uwezekano mdogo wa kujeruhiwa utumbo, kibofu au mshipa mkubwa wa damu. Na kwa njia zote, ngiri inaweza kurudi. Hurudi zaidi kwa mvuta sigara, mwenye kikohozi kisichotibiwa, na anayekimbilia mizigo kabla ya wakati.

Yote haya tumeyataja ili mtu aende akiwa na ujuzi, si ili akimbie. Tuyaweke kwenye mizani: upande mmoja, weusi wa ngozi na maumivu ya wiki chache kwa walio wengi, upande wa pili, utumbo uliokufa. Upasuaji wa dharura, hasa unapolazimu kukata utumbo, una hatari ya kifo iliyo kubwa mara nyingi kuliko ule wa kupangwa.

MASWALI YETU WAISLAMU

Wasomaji hutuuliza kuhusu wavu: je, umetokana na mnyama? Wavu unaotumika kwa kawaida ni wa plastiki iitwayo polipropilini, na hauna asili ya mnyama yeyote. Ni kweli kwamba ziko nyavu za aina nyingine, zinazotumiwa katika hali maalumu, zilizotengenezwa kwa ngozi ya nguruwe au ya ng'ombe. Basi ni haki yenu kumuuliza daktari mapema ni wavu wa aina gani, naye hatachukizwa na swali hilo.

La pili ni sitara. Mama ana haki ya kuomba daktari au muuguzi wa kike amchunguze, na kuomba awe na bintiye au mumewe wakati wa kuchunguzwa. Akikosekana daktari wa kike, dharura ina hukumu yake, na masheikh wetu wanaliеleza jambo hili kwa uwazi. Haya ni katika imani, lakini haikukusudiwa kumzuia mtu kuihifadhi nafsi aliyoaminiwa na Mola wake.

La tatu ni ibada. Kidonda kwa kawaida huwekwa kikavu kwa siku mbili za kwanza au kama atakavyoagiza daktari, na sheria imeruhusu kupangusa juu ya bendeji. Kurukuu na kusujudu kukiuma, sala husaliwa kwa kukaa mpaka nguvu zirejee. Kwa ufafanuzi zaidi muulizeni imamu wa msikiti wenu.

KABLA NA BAADA

Mumpelekapo mgonjwa kwa daktari, ulizeni haya: Ngiri hii ni ya aina gani? Utatumia njia gani, na kwa nini hiyo? Umeifanya mara nyingi? Nitapewa ganzi, sindano ya mgongo au nusukaputi? Gharama ni kiasi gani, na bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, italipa sehemu gani?

Kabla ya siku yenyewe, kikohozi kitibiwe, sukari na presha zishushwe, sigara iachwe, na mzee anayejikamua akikojoa achunguzwe tezi dume kwanza. Mtajieni daktari dawa zote anazotumia, za hospitali na za miti shamba, hasa zile za kufanya damu kuwa nyepesi. Kwa kawaida mgonjwa huacha kula saa 6 kabla ya upasuaji.

Akirudi nyumbani, asilazwe kitandani kama mzazi wa arubaini. Aamke na kutembea siku ile ile, taratibu, ili damu isigande miguuni. Ale mboga, matunda na nafaka zisizokobolewa, anywe maji ya kutosha, asijikamue chooni. Akitaka kukohoa, auwekee mkono mshono wake. Kazi nyepesi anaweza kuanza baada ya wiki moja au mbili; mizigo mizito, madaktari wengi hushauri aiache kwa wiki 4 hadi 6. Na hapa tunawausia waume na watoto. Ndoo ya maji ni mzigo. Gunia la unga ni mzigo. Mjukuu anayelilia kubebwa naye ni mzigo. Mama aliyepasuliwa Jumatatu hawezi kuonekana Ijumaa akikuna nazi na kuteka maji, kisha ngiri ikirudi alaumiwe daktari.

Tunamalizia pale tulipoanzia. Yule mama wa kisa chetu sasa amekuwa mwalimu wa mtaa wake bila ya kutumwa na mtu. Kila penye arusi au hitima, wanawake wakikaa pamoja, huwauliza kwa sauti ya chini, "Nani hapa ana kivimbe asichokitaja?" Ametwambia kwamba wawili wamekwisha kumjibu, na mmoja kati yao ameshafanyiwa upasuaji wake, mchana, kwa miadi, akarudi nyumbani jioni.

Nasi twawaachieni swali hilo hilo. Waulizeni mama zenu, na mama wakwe, na shangazi waishio peke yao. Waulizeni kwa upole, faraghani, na asiyejibu leo aulizwe tena wiki ijayo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu wote na atuhifadhi pamoja na aila zetu. Tukutane wiki ijayo, in shaa Allah.

Wabillahi tawfiq.